Jibu: Mwezi mpevu wa springi una maana gani ya kiroho?

Dada, umeuliza kama huo mwezi mpevu wa springi (majira ya kuchipua kwa maua huko Ulaya na Marekani) wenye watu wanapost una maana kwa sisi Wakristo wa huku Kisumu ama ni mambo ya wazungu tu. Maana iko, tena kubwa. Pasaka yetu yenyewe inahesabiwa na huo mwezi, ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaokuja kuanzia 21 Machi, ndio maana 2024 ilikuwa 31 Machi halafu 2025 ikasonga hadi 20 Aprili. Tumeirithi kwa Wayahudi, wao huanza Pasaka yao katikati ya mwezi wa Nisani wa kalenda yao, mbalamwezi imejaa, wanakula mkate bila chachu na mboga chungu wakikumbuka kutoka Misri. Wahindu nao wako na Holi, mwezi mpevu wa Februari ama Machi.

Hilo jina la mwezi wa pinki, lenye watu huita mwezi mpevu wa Aprili, ni la Marekani, limetoka kwa maua ya Aprili, mwezi haugeuki rangi. Na hapa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, wavuvi wa omena wanaovua usiku kwa taa wanaujua kivingine, mwanga ukiwa mwingi taa zao hazivuti samaki.

Ukitaka ibada, nenda mkesha wa Pasaka kwa Wakatoliki. Moto unawashwa nje gizani, mshumaa mkubwa unawashwa hapo, kisha kila mtu anachukua moto kwa jirani yake. Mwaka tulimzika mama nta ilinidondokea kidoleni nikaiacha tu ikauke, nilikuwa nalia na mwezi uko juu ya paa la kanisa.