Mwanga wa kutibu uraibu: usikie, ila dozi yako usiiache

Wenzangu tunaokunywa methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya heroini, hapa Malindi wamekuwa wakinitumia video za daktari wa Marekani anayemwekea mgonjwa taa ndogo kwenye paji la uso. Zinapita dakika chache, kisha mgonjwa anasema hamu imepoa. Kila anayenitumia huuliza: "Ndugu yangu, si hii ndiyo itakayotutoa kwenye dawa?" Nimekula unga, yaani heroini, na arosto, yale mateso ya kuukosa, naijua, na leo asubuhi nimekunywa dozi yangu. Kwa hivyo nawajibu wote kwa pamoja.

Jambo lenyewe si uzushi. Mwaka 1967 daktari wa Hungaria, Endre Mester, aliwamulikia panya leza hafifu, akaona manyoya waliyonyolewa yanarudi upesi kuliko kawaida. Tangu hapo wataalamu wamechunguza jinsi mwanga mwekundu, na ule ulio jirani yake usioonekana kwa macho, unavyozisaidia seli kutengeneza nishati. Kwa uraibu wa unga, anayetajwa sana ni Dkt. Fredric Schiffer wa Hospitali ya McLean, Massachusetts. Yeye hutumia mwanga huo usioonekana, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 810, kwa takriban dakika nne, upande mmoja tu wa kichwa.

Kwa nini upande mmoja? Hapa ndipo aliponigusa. Schiffer anaamini kwamba ubongo una pande mbili zisizofanana kihisia: mmoja umebeba zaidi machungu ya zamani, mwingine umetulia zaidi. Mgonjwa huangalia kwa kona ya jicho, mara kulia, mara kushoto, akieleza anavyojisikia, na mwanga huelekezwa kwenye upande uliotulia. Sina elimu ya kuhukumu kama nadharia hiyo ni sahihi. Ila maskani nilikokaa na wenzangu wa unga sikumwona aliyefika mikono mitupu. Huyu alizika mzazi angali mdogo, yule alifanyiwa mambo asiyoweza kuyatamka mbele ya mamake. Unga ulitukuta na majeraha tayari. Daktari anayeanza kwa kuuliza "unaumia wapi?" badala ya "kwa nini huachi?" namheshimu, awe na taa au asiwe nayo.

Sasa upande wa pili. Majaribio aliyochapisha, likiwemo la mwaka 2020, yalikuwa na watu wachache, na kilichopimwa hasa ni hamu, tena kwa muda mfupi. Hamu ikipungua wiki hii ni faraja kubwa, lakini nani anajua Idi itakapofika, pesa zikiwa mfukoni na rafiki wa zamani akakuita pembeni?

Methadoni imepita mtihani huo kwa miaka mingi na kwa watu wengi mno. Tangu 2005 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na Malindi imekuwa ikitolewa tangu 2015. Dozi moja hukushikilia siku nzima, ilhali unga hukuacha baada ya saa chache ukaanza kutafuta tena. Basi ukiiacha kwa sababu ya taa, halafu hamu ikakushinda, mwili wako utakuwa umeshasahau kuvumilia. Kiasi ulichokuwa ukitumia zamani bila shida kinaweza kukuzima pumzi. Tumewazika watu kwa namna hiyo, na waliokuwa wakisema "nimeshaacha" walikuwa miongoni mwao. Ukitaka kupunguza dozi, mwambie mhudumu wako mpunguze pamoja, polepole. Ramadhani ikikaribia, zungumza naye mapema kuhusu saa za kunywa, usijipangie mwenyewe.

Akina mama, nawaomba hasa nyinyi. Msiuze mbuzi wala dhahabu kununua kofia ya taa mliyoiona kwenye simu. Taa nyekundu za dukani, za maumivu ya mgongo au za nywele, hazina nguvu wala kipimo kimoja na kile cha utafiti, na nyingine zinaweza kudhuru macho. Pesa hiyo mpe mwanao nauli. Anayetoka Mambrui, Gongoni au Watamu anahitaji kufika kliniki kila siku, na nimeona watu wakikatika kwenye dawa kwa kukosa nauli tu.

Je, ikitokea siku watafiti wa kweli wakaja pwani na mwanga huu? Mimi nitajiandikisha, kwa masharti: waonyeshe kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, wasinitoze hata shilingi, niruhusiwe kujitoa wakati wowote, na methadoni yangu iendelee. Atakayekuambia uache dawa kwanza, ondoka hapo, uende ukamweleze mhudumu wako siku hiyo hiyo. Na kama bado hujaanza matibabu yoyote, NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192. Piga leo.