Usitangaze tarehe kabla ya kibali cha ukumbi (jibu kwa wanaoandaa kongamano la tarehe 20 Juni)

Mkuu, usilitume hilo bango. Kama umeshalitupia kwenye kundi la kamati, waambie sasa hivi wasilisambaze, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umeandika kwamba klabu yenu inaandaa kongamano la ajira Jumamosi tarehe 20 Juni hapa Dodoma, ukumbi "umeshapatikana" kwa sababu mtu wa ofisini amewaambia "nyie endeleeni tu", mgeni rasmi ni naibu waziri, na unaomba ushauri wa rangi za bango, pa kuchapishia fulana, chakula cha watu 400, mshereheshaji, na namna ya kuvuta watu wa ndaki nyingine (vyuo vidogo ndani ya chuo kikuu). Nimeusoma uzi wako mara mbili nikitafuta neno moja, kibali. Halimo.

Kosa hili nimeshaligharimia, ndiyo maana sitalizunguka. Tarehe ya shughuli ya chuo inaanza kuwepo siku ukumbi unapokuwa kwenye karatasi yenye saini, muhuri na kumbukumbu namba. Kabla ya hapo mna wazo, na wazo halichapishwi kwenye turubai la mita tatu.

Ukumbi mmoja wa chuo una wenyewe wengi. Kuna wanaopanga ratiba ya masomo na mitihani, ambao wanahitaji kila chumba chenye viti vingi muhula unapoelekea mwisho. Kuna ndaki au idara yenye jengo, ambayo ina semina na vikao vyake. Halafu kuna wapangaji wa nje. Tangu Serikali ihamie Dodoma, wizara na taasisi zinatafuta kumbi za mafunzo na vikao mwaka mzima, na zinalipa kodi kamili ambayo klabu ya wanafunzi hailipi. Huyo aliyewaambia "endeleeni" huenda hakudanganya. Amefungua daftari lake, ameona Jumamosi iko wazi, akasema iko wazi. Ila daftari lake si la ratiba ya mitihani, wala halimwonyeshi barua iliyopita ghorofa ya juu jana jioni.

Na ninyi mmechagua tarehe 20 Juni, wiki ya 14 ya muhula kwa maelezo yako mwenyewe. Hapo ratiba ya mitihani inakuwa bado ni ya awali. Inatoka ya kwanza, wanafunzi wanalalamika migongano, inatoka ya pili, wakati mwingine ya tatu, na kila inapobadilika kuna mtihani unahamishiwa Jumamosi. Mtihani ukigongana na kongamano lenu, linalohama ni kongamano. Hakuna rufaa hapo, na ni haki isiwepo.

Hawa watu wa "endeleeni tu" wananikasirisha sana. Mwanafunzi anakuja na barua mkononi, anaomba jibu la maandishi, anaambiwa "barua ya nini, sisi si wamoja hapa?" Shughuli ikivunjika, aliyesema hivyo hakuandika popote, hakusaini popote, hadaiwi na mtu. Anayedaiwa ni mwenyekiti wa klabu ambaye jina lake liko kwenye makubaliano ya hema, spika na chakula. Mtu akikukubalia jambo kwa mdomo, kisha akanuna ukimwomba aliandike, chukua kule kununa kuwa ndilo jibu lake, na utafute ukumbi mwingine.

Sasa karatasi zenyewe, maana hapa ndipo hata wenye bidii wanapoteleza. Nakala ya barua yenu ikigongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, maana yake masijala (ofisi inayopokea barua na kutunza majalada) wameipokea na itaingia kwenye jalada. Haijakubaliwa na mtu. Mlezi wa klabu akiandika pembeni "Napendekeza", hilo ni pendekezo kwa mkubwa wake, na mkubwa anaweza kuandika "Haiwezekani" chini yake kwa kalamu ileile. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ikiruhusu shughuli ifanyike, imeruhusu shughuli. Ukumbi una ofisi yake, mara nyingi ya milki (inayosimamia majengo ya chuo) au ya ndaki yenye jengo. Na mkipewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, mmepewa namna ya kulipa tu. Namba hiyo ina tarehe ya kuisha muda. Klabu inaichukua, inasubiri bumu (fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi) litoke ndiyo ichangishane, namba inakufa, na nafasi anapewa aliyelipa. Nimeona watu wanachapisha mabango kwa nguvu ya kila moja ya karatasi hizi nne.

Kibali cha kweli kina jina kamili la ukumbi (ndaki, jengo, namba au jina la ukumbi, siyo "ukumbi mkubwa"), siku na tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka, masharti, saini, muhuri na Kumb. Na. Saa ya kuingia iangalieni kwa makini. Kibali kikisema saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni na kongamano linaanza saa 2:30, fundi wa spika ana nusu saa ya kufunga mitambo, na hiyo haitoshi. Ombeni kuingia Ijumaa jioni, na mliandike hilo kwenye barua ya kwanza kabisa, kwa sababu mlinzi wa getini anafuata karatasi.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Ipite kwa mlezi wa klabu, ielekezwe kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa wenye ukumbi na kwa ofisi ya usalama. Ndani yake weka lengo la shughuli kwa sentensi mbili, tarehe mnayotaka pamoja na tarehe mbili mbadala, idadi ya watu, wageni kutoka nje ya chuo, na mahitaji: viti vingapi, meza ngapi, projekta, vipaza sauti, nani anafungua milango, nani anafanya usafi baada ya shughuli, jenereta ipo au haipo. Ambatisha ratiba ya siku na uthibitisho wa usajili wa klabu. Tarehe mbadala ndizo zinazookoa. Barua yenye tarehe moja ikikataliwa inarudi mwanzo wa foleni. Yenye tatu inajibiwa kwa kuchaguliwa moja.

Peleka nakala mbili na daftari la dispachi, lile la kusainiwa na anayepokea barua. Moja inabaki masijala, nyingine inagongwa muhuri na tarehe, unarudi nayo. Uliza imeingia jalada gani, uandike namba. Ukirudi baada ya siku tatu ukasema "nafuatilia barua ya klabu fulani", utaambiwa subiri. Ukitaja namba ya jalada na tarehe ya kupokelewa, mtu anainuka kitini na kwenda kuangalia.

Kibali kikitoka, lipeni siku hiyohiyo, pelekeni risiti, kisha ombeni kwa adabu muonyeshwe daftari la ukumbi. Angalieni jina la klabu yenu limeandikwa kwa kalamu ya wino. Likiwa kwa penseli, ombeni waliandike upya mkiwa mmesimama pale. Pigeni picha ukurasa huo wakiruhusu.

Kwa hesabu ya siku, barua iingie wiki sita kabla. Kibali kisipotoka wiki nne kabla, hamieni tarehe mbadala bila kubishana. Tangazo la kwanza litoke wiki tatu kabla, la pili siku saba kabla, la mwisho jioni ya kuamkia shughuli. Wiki tatu zinatosha kabisa kwa wanafunzi. Wanaotangaza miezi miwili kabla wanaishia kutangaza mara tatu.

Angalia kinachotokea tarehe ikihama. Bango la turubai halifutiki, mnachapisha jingine. Mpishi ananunua kuku siku mbili kabla, hawezi kuwarudisha bandani. Mwenye hema na spika ameshawakatalia wengine Jumamosi hiyo, kwa hiyo malipo ya awali hayarudi. Ndiyo maana msimlipe yeyote zaidi ya theluthi moja kabla ya kibali, na kila makubaliano yawe na mstari unaosema tarehe inaweza kuhamishwa bila gharama ikiwa taarifa imetolewa siku saba kabla. Asiyekubali mstari huo, mwacheni. Wazungumzaji wanaotoka Dar wana tiketi na vyumba, na Juni ni mwezi wa Bunge la bajeti, vyumba vya bei nafuu mjini vinakuwa vimeshikwa. Mkihamisha tarehe dakika za mwisho, mnawatafutia malazi upya katika mwezi mgumu kuliko yote.

Halafu picha ya bango kwenye WhatsApp. Ukifuta ujumbe wako, unafuta wako. Nakala zilizosambazwa kwenye makundi ya darasa, ya hosteli, ya kwaya na ya mkoa zinabaki kama zilivyo, na zitaendelea kuzunguka hata baada ya ninyi kutangaza tarehe mpya. Watu watakuja tarehe ya zamani, watakuta ukumbi umejaa watahiniwa, na mara nyingine mkiwaita hawatakuja. Hasara hiyo hailipwi na mchango wa wanachama.

Kama lazima mseme kitu sasa hivi, semeni "Kongamano la ajira linakuja, tarehe itatangazwa", weka msimbo wa QR unaopeleka kwenye chaneli ya klabu, kisha tarehe iandikwe kule peke yake. Chaneli mnaweza kuibadilisha, picha hamuwezi. Kwenye bango la turubai, mwambie mbunifu aiweke tarehe ndani ya kisanduku chenye rangi moja isiyo na maua wala kivuli, ili siku ikibadilika mchapishe stika ya ukubwa huohuo na kuibandika juu. Mabango mengi tarehe inawekwa juu ya picha ya mgeni rasmi, hapo stika inakuwa kiraka usoni mwake. Rangi uliyouliza, weka yoyote inayosomeka ukiwa upande wa pili wa barabara. Na lifungwe pembe zote nne: upepo wa Dodoma wa kuanzia Juni unalichana bango lililofungwa juu tu.

Naibu waziri. Klabu haimwandikii moja kwa moja. Mwaliko wa kiongozi wa ngazi hiyo unapitia uongozi wa chuo, na hautoki bila ukumbi kuthibitishwa, kwa sababu watu wake watakuja kukagua mahali, njia ya kuingilia na pa kukaa. Mkimtaja kwenye bango kabla hajajibu kwa maandishi, mmewaingiza wakubwa wa chuo kwenye aibu, na kibali chenu ndicho kitakachoumia. Kumbukeni pia kwamba bajeti kuu husomwa katikati ya Juni na mjadala wake hufuata siku chache baadaye, na Bunge linapaswa kumaliza kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Jumamosi si kawaida kuwa siku ya kikao, ila mwenye jimbo ana sababu zote za kwenda jimboni siku hiyo. Andaeni jina la pili, mtu ambaye atafungua kongamano asipokuja yeye wala mwakilishi wake.

Saa nayo. Umeandika "2:00" tu. Nusu watasoma saa mbili asubuhi, nusu watasoma saa nane mchana, kwa sababu bango lina Kiswahili na Kiingereza mle mle. Andika "saa 2:00 asubuhi", na kama kuna toleo la Kiingereza liwe bango lake peke yake. Siku na tarehe zote ziwepo, na mtu ambaye hakubuni bango azilinganishe na kalenda. Jumamosi pia, kumbuka, inawaacha nje wanafunzi Wasabato. Mkiweza kupata Jumatano mchana, chukueni.

Kuhusu watu wa ndaki nyingine, taja jengo lenyewe na kituo cha daladala cha karibu. Kwenye chuo kilichotawanyika kama UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kutoka ndaki moja hadi nyingine ni nauli au mwendo mrefu juani, na mtu asiyejua anashukia wapi haanzi safari. Mmalize kabla giza halijaingia ili wanaorudi mbali wapate usafiri.

Jumatatu asubuhi, masijala wakifungua tu, uwe mlangoni na nakala zako mbili. Kabla ya hapo, nenda kwa aliyewaambia "endeleeni tu" umwombe aandike sentensi hiyo kwenye barua na kusaini, kisha uje utuambie hapa alivyokujibu.