Anti Akujibu: Poti ipi nimnunulie mwanangu?

SWALI: Shikamoo Anti. Nina binti wa miaka miwili na miezi miwili, siku hizi akitaka kujisaidia anajificha nyuma ya kochi, na pampasi ikilowa anaivuta mwenyewe anataka itolewe. Najua muda wa poti umefika ila nikiangalia zilivyo nyingi nachanganyikiwa, kuna inayopiga muziki, kuna yenye umbo la gari, kuna iliyotengenezwa kama choo cha wakubwa na kitufe chake cha kuflashi, halafu wengine wananiambia poti ya nini, nunua kile kiti kidogo cha kupachika juu ya choo yaishe. Nianze na kipi? – Mama wa binti mmoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo binti yuko tayari, tena kabisa. Kule kujificha maana yake ameshaanza kuusikia mwili wake kabla mambo hayajatoka, na bila hilo hata poti ya dhahabu haisaidii kitu. Dalili kama hizo kwa watoto wengi huanza kuonekana kuanzia miezi 18 na wengine mpaka wakaribie miaka mitatu, kwa hiyo wala hujachelewa, anayekusema mwache aseme. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha kumbukumbu za watoto 1,170 ambao wazazi wao waliwasubiri mpaka wawe tayari wenyewe, na wastani wa umri wa kukauka mchana, yaani kuacha kujilowesha, ulikuwa kama miezi 28 na nusu, sasa wako ana 26, hebu tulia.

Kwenye kununua, mi nakwambia angalia miguu kwanza, rangi na vimuziki baadaye. Mtoto akikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini vizuri na magoti yawe juu kidogo ya nyonga, manake kuna msuli unaobana njia ya haja kubwa na mkao huo wa kama kuchuchumaa ndio unaoulegeza, miguu ikining'inia mtoto anajikaza asianguke na akijikaza hapo hakuna kinachotoka. Sasa chukua kamba, msimamishe binti, pima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, halafu tafuta poti ambayo kiti chake kiko chini kidogo ya kipimo hicho. Poti nyingi zinazoonekana nzuri kwenye picha ni ndefu mno kwa mtoto wa miaka miwili. Ukishaipata isukume kwa pembeni kwa mkono, ikiinuka upande mmoja iache, kitako chake kiwe kipana na chini kiwe na raba, maana mtoto akishaanguka nayo mara moja tu kumrudisha pale ni shughuli.

Kwa umri wake anza na poti ya chini, hicho kiti cha kupachika kitafuata baadaye. Poti anaifikia mwenyewe haraka, hasubiri mtu wa kumbeba, na haogopi lile shimo wala ule mlio wa maji, na kama choo chenu ni cha kuchuchumaa ndo kabisa, shimo lile kwa mtoto mdogo linatisha kweli.

Ya muziki sikushauri. Baadhi zinaimba zikiguswa na maji, mtoto mjanja anamwagia maji kikombeni ili asikie wimbo, na wapo wanaoshtuka wakagoma kukalia tena, halafu betri ziishe wimbo usitoke, alie. Ya gari nayo inageuka gari kweli, mtaisukuma sebuleni. Chukua ya kawaida, ya plastiki laini isiyo na viungo vingi, kwa sababu kila mpenyo mkojo unaingia na harufu haitoki hata uoshe vipi. Bakuli la ndani liwe linatoka kwa kunyanyuliwa juu, ukilazimika kulivuta kama droo utamwaga. Ukimaliza mimina chooni, osha kwa sabuni, kausha, nawa mikono wewe na yeye. Na jamani, usiache poti au ndoo ina maji ukaenda kufanya mambo mengine, mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu.

Kingine ambacho watu hawakiweki kwenye orodha ni nguo. Mnunulie suruali na sketi za lastiki kiunoni anazoweza kushusha mwenyewe, hayo mavazi ya vifungo mabegani yaweke kabatini kwanza.

SWALI: Anti habari. Kijana wangu ana miaka mitatu, kukojoa anakojoa vizuri tu kwenye choo cha kukaa na kiti chake kidogo tumempachikia, ila haja kubwa hataki, anaibana mpaka avalishwe pampasi. Tubadilishe kiti? – Baba mwenye wasiwasi

JIBU: Nzuri baba, pole. Kabla ya kubadilisha kiti niambie, miguu yake anaiweka wapi? Nina hakika inaning'inia. Tafuta stuli pana isiyoteleza, ngazi mbili kama choo kiko juu, akanyage imara na magoti yapande, na hicho kiti ukitikise, kikicheza hata kidogo mtoto anajua na hawezi kujiachia. Kama kina kile kinga cha mkojo mbele na ni kigumu kitoe, wavulana hujigonga nacho wakati wa kupanda na ikishauma hasahau.

Pampasi usimnyime kwa nguvu. Akiibana sana choo kinakuwa kigumu, kinauma kutoka, anaogopa zaidi, anaibana zaidi, na hapo mmeingia kwenye mzunguko mbaya sana. Mpe pampasi lakini ajisaidie humohumo chooni, akizoea akalie choo kilichofunikwa akiwa nayo, mwende hivyo taratibu. Mkalishe baada ya kula maana tumbo huwa linasukuma muda huo, dakika chache tu, asipoenda mshushe bila maneno. Ila kama choo ni kigumu, kinamliza au kina damu, achaneni na habari za kiti mpelekeni kwa daktari kwanza.

SWALI: Anti, zile pampasi za kuvuta kama chupi ni bora kuliko chupi za kitambaa nene? Na usiku je? – Mama wa wawili

JIBU: Za kuvuta zinafaa safarini na usiku, ila mchana nyumbani zinanyonya vizuri mno, mtoto hasikii kama amelowa na ndo maana hana haraka. Chupi nene ya kitambaa anaisikia, nawe huogopi mafuriko. Nunua nyingi, zitalowa. Usiku ni habari nyingine kabisa mama, usimfundishe, mwili wake wenyewe ndio unaokomaa, na kabla ya miaka mitano kukojoa kitandani ni kawaida tu. Weka mpira wa kitandani chini ya shuka, juu yake mpira mwingine na shuka lingine la akiba, akilowesha unavuta vya juu mnaendelea kulala. Ila kama alishakauka usiku miezi mingi halafu ameanza tena ghafla, au anakunywa maji kupita kiasi, au anasema mkojo unauma, hapo mwone daktari.