Sikio Lililozoea Mizinga: Ushauri kwa Wanajeshi Wastaafu Kabla ya Kununua Kifaa cha Kusikia

Wanajeshi wastaafu wenzangu wa Mbeya, hasa waliojenga Mbalizi, Uyole na vijiji vya Rungwe, huniuliza jambo lilelile kila wanapoviona vifaa viwili nilivyovaa nyuma ya masikio: nimevinunua wapi na kwa shilingi ngapi. Ni swali la haki, lakini linaanzia mwisho. Kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho wataalamu wengine hukiita shimesikio, hununuliwa baada ya kipimo, hurekebishwa kwa mujibu wa kipimo hicho, kisha huzoewa polepole; anayeiruka hatua ya kwanza, hata akilipa fedha nyingi, kwa kawaida huishia kukifungia kabatini. Ninawaandikia wenzangu wa mizinga na askari wa miguu, pamoja na wake zao na watoto wao, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuliona tatizo.

Tuanze na kilichotupata. Mlio wa bunduki ya kivita, ukipimwa kwenye sikio la mpigaji, hufikia takribani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 150 hadi 160, na mizinga mikubwa huweza kukaribia 180. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ukomo wa siku moja ya kazi, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu; kwa mishindo ya ghafla, ukomo unaotajwa ni 140. Kwa hiyo hata risasi moja iliyopigwa bila vizibo vya masikio ilikuwa imekwisha kuuvuka mpaka. Ndani kabisa ya sikio mna koklea, kiungo kilichojisokota mithili ya konokono, chenye seli za vinyweleo zipatazo 15,000, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, hususan zilizo karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Wengi wanaotumia mkono wa kulia hukuta sikio la kushoto limeumia zaidi, kwa sababu wakati wa kulenga shabaha sikio hilo ndilo lililoelekea mdomo wa bunduki huku la kulia likikingwa na kichwa. Kipimo changu mwenyewe kinaonesha hivyo hivyo.

Matokeo yake katika mazungumzo ni ya ajabu kidogo, na ndiyo yanayowafanya wengi wakatae kwamba hawasikii. Irabu hubeba sauti nene, nazo tunazisikia vizuri. Konsonanti kama s, sh, f, t na k ni nyembamba, nazo ndizo zilizotutoka. Mama watoto akisema "pata", "paka" au "pasha", mzee husikia kwamba ameambiwa neno, ila hajui ni lipi, na hujibu kwa kubahatisha. Sauti za wanawake na za wajukuu humpotea mapema kuliko za wanaume, ndipo aanze kulalamika kwamba watu wa siku hizi wananong'ona. Sikio la namna hii si redio iliyopunguzwa sauti, useme utazungusha kitufe mambo yatengemae. Ukiiongeza kila sauti kwa kiasi kilekile, malori ya barabara ya Zambia yatakupasua kichwa na bado hutaipambanua s na t. Vifaa vya bei rahisi vinavyouzwa sokoni na kutangazwa kwenye simu, ambavyo hukuza kila sauti bila kuchagua, vinafanya kosa hilo hilo, na vikiwa na nguvu sana vinaweza kuzimalizia seli chache zilizobaki. Mimi sishauri mtu avinunue, hata vya kujaribia.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya wazee wa Vita vya Kagera peke yao. Ni kweli kwamba waliopigana tangu majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwezi Oktoba 1978 hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, wakiwamo waliorusha yale makombora ambayo Waganda waliyaita Saba Saba, sasa wamefikia umri ambao uzee nao umeongeza deni lake juu ya deni la mizinga. Lakini wapo pia waliokwenda Darfur na Lebanon, na waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopambana na waasi wa M23 mashariki mwa Kongo mwaka 2013. Na tupo tuliokuwa wakufunzi katika viwanja vya shabaha, ambao hatukwenda popote na bado masikio yetu yalisikia mishindo mingi kuliko ya waliokwenda.

Kuhusu mlio usiokoma masikioni, ambao kwa wengine husumbua kuliko uziwi wenyewe, niseme wazi kwamba hauna dawa ya kuuondoa, na anayekuuzia matone ya kuutibu anakula fedha zako. Unachoweza kupata ni nafuu. Kifaa kilichorekebishwa vizuri huwapunguzia wengi usumbufu huo kwa kuwa ubongo hupata sauti nyingine za kushughulikia, na usiku redio iliyofunguliwa chinichini husaidia usingizi. Tofautisha hali hiyo na dalili zinazotaka daktari haraka: mlio wa sikio moja tu, mlio unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo, au sikio kuziba ghafla ndani ya siku moja au mbili. Hii ya mwisho ni dharura, kwa sababu matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.

Safari ya kipimo huanzia karibu. Katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya omba mhudumu atazame ndani ya sikio, kwani wapo waliokuwa na nta ngumu tu, na wapo ambao kiwambo cha sikio kilitobolewa na mshindo na hakikuziba, wakaishi miaka mingi na usaha wa mara kwa mara. Hayo yana matibabu yake, na ni lazima yashughulikiwe kabla ya kifaa. Njiti za kiberiti, funguo na manyoya ya kuku, ambayo wazee wetu huyapenda mno, yaachwe. Kutoka hapo omba rufaa ya kwenda kliniki ya masikio, pua na koo. Kwa sisi wa huku ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ingawa ndugu wa Iringa wengine huona Dodoma ni karibu zaidi, na aliye Dar es Salaam kwa shughuli nyingine anaweza kuulizia Lugalo au Muhimbili. Piga simu kwanza. Mashine ya kupima usikivu haipo kila hospitali, na nauli ya kutoka Makete si ya kuchezea.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unakaa katika chumba kilichotulia, unavaa vipokea sauti vya masikioni, na kila unaposikia sauti, hata iwe hafifu kiasi gani, unabonyeza kitufe au kuinua mkono. Sauti hizo huanzia nene za hezi 250 hadi nyembamba za hezi 8,000, kila sikio peke yake. Kisha hurudiwa kwa kidude kinachotetemesha mfupa wa nyuma ya sikio, ili ijulikane kama tatizo liko nje au katikati ya sikio, ama ndani kabisa. Usijitutumue. Nimewaona maafande waliokuwa wakibonyeza hata palipokuwa kimya ili wasionekane dhaifu, kana kwamba wanatafuta cheo. Pumzisha pia masikio tangu jana yake: aliyetoka kwenye mashine ya kusaga au msumeno wa mbao huonekana mbovu kuliko alivyo. Kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani, anayeanza kusikia sauti ikiwa bado chini ya desibeli 20 yuko salama, 20 hadi 34 amepungukiwa kidogo, 35 hadi 49 ni wastani, na kuanzia 65 tatizo ni kubwa. Omba nakala ya mchoro wa kipimo uondoke nayo, kwa sababu ndiyo itakayotumika kukirekebisha kifaa popote utakapokipata.

Juu ya fedha sitasema mengi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawatambua wazee wa miaka 60 na zaidi, na dirisha la wazee husaidia kumwona daktari, lakini kifaa ni gharama ya peke yake. Aliye na bima na aulize kwa maandishi, kabla ya kununua, kama inalipia na kwa kiasi gani. Waliomo katika MUWAWATA, muungano wetu wa wanajeshi wastaafu, walipeleke jambo hili kwenye matawi yao. Marekani, ambako mlio wa masikioni na upungufu wa kusikia ni kati ya madhara yanayoongoza kwa wanajeshi wa zamani wanaolipwa fidia, idara yao hutoa vifaa na betri bila malipo kwa waliosajiliwa, na sioni kwa nini tusiwe na mahali pa kuanzia. Tangu Oktoba 2022 huko pia vinauzwa vifaa visivyohitaji cheti cha daktari, kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani. Mtoto wako aliye ughaibuni akitaka kukutumia, mpelekee kwanza nakala ya kipimo, maana kwa mpiga mizinga aliyeumia sana hivyo havitoshi. Kilichokuwa cha mtu mwingine nacho kisivaliwe hadi mtaalamu akipange upya.

Kama uwezo upo, chukua viwili. Sikio moja humwambia mtu kwamba pikipiki inakuja, mawili humwambia inatokea upande gani, na anayevuka barabara pale Uyole anajua tofauti hiyo ina uzito gani. Uliza kama bei inajumuisha kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lako na ziara za marekebisho. Muuzaji asiyezitaja ziara hizo mwachie bidhaa yake.

Wiki za mwanzo ni ngumu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kijiko kikigusa sahani utashtuka. Sauti yako mwenyewe itakuwa ya mtu usiyemjua, na mvua ya Tukuyu juu ya bati itakufanya utamani kuvua kila kitu. Si kwamba kifaa kimeharibika. Ubongo umekaa miaka bila sauti hizo na sasa unajifunza upya ipi ni ya kusikilizwa na ipi ni ya kupuuzwa. Anza nyumbani kwa saa chache, na mtu mmoja anayezungumza taratibu, kisha ongeza. Kanisani au msikitini pafuate, na soko la Mwanjelwa liwe la mwisho. Andika yanayokuudhi, yapeleke kwa mtaalamu, naye ataipunguza sauti hii na kuiongeza ile.

Hali ya hewa yetu nayo ina masharti. Unyevu ndio adui mkubwa: usiku fungua kifuniko cha betri na kiweke kifaa katika kopo lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, wala usikikaushe kando ya jiko la mkaa. Betri ndogo hutambulika kwa rangi ya kibandiko, njano kwa namba 10, kahawia kwa 312, chungwa kwa 13 na bluu kwa 675. Ukikibandua, iache wazi dakika moja hivi ipate hewa kabla ya kuifungia. Baridi ya Kitulo na Njombe huzilegeza, kwa hiyo za akiba zikae mfuko wa ndani. Ziwe mbali na wajukuu. Mtoto akimeza betri hiyo au akaiingiza puani, apelekwe hospitali saa ile ile, bila kungojea asubuhi. Kifaa kikipiga mluzi, kwanza tazama kama kimekaa sawasawa, kisha kama nta imekiziba.

Kwa familia nina maneno machache. Mkae mkitazamana na mzee wenu, mwiteni jina kabla ya kuanza habari, zimeni televisheni, na asipoelewa msirudie sentensi ileile kwa kelele. Ielezeni kwa maneno mengine. Akiuliza mlichokuwa mkicheka, msimwambie "hamna kitu".

Usikivu uliobaki ulindwe. Wastaafu wengi hupata kazi za ulinzi wenye silaha au za viwanda vya mbao kule Mafinga, na huko kifaa kilichozimwa hakihesabiki kuwa kinga. Vua, vaa vizibo au vifunika masikio. Ukiugua, mweleze daktari hali yako kabla ya sindano za streptomaisini au jentamaisini, na hata kwini, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuyadhuru masikio.

Na ambaye bado yuko kazini, hasa aliyebakiza muda mfupi kustaafu, aombe kipimo sasa, angali na namba yake ya jeshi, na ahakikishe majibu yameingizwa katika jalada lake la afya. Baada ya kukabidhi sare, kuthibitisha kwamba madhara yalitokana na mizinga wala si na uzee ni kazi ngumu sana, na karatasi hiyo moja yenye tarehe ya utumishi ndiyo itakayozungumza kwa niaba yake.