Utabiri wa Machi hautoshi kupangia safari ya Agosti

Ndugu, umeuliza kama utabiri wa barafu uliotolewa Machi unatosha kupangia safari ya mashua ya tanga kupitia Njia ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada, ile njia ya bahari kati ya visiwa vya Aktiki, mwezi Agosti. Hautoshi. Utabiri unaoanzia kabla ya Mei hupungukiwa sana na uhakika, kwa kuwa barafu itakayosalia mwishoni mwa kiangazi hutegemea unene wake pamoja na hali ya hewa ya Mei na Juni, pale theluji inapoyeyuka na kuacha madimbwi ya rangi nzito yanayofyonza joto la jua badala ya kulirudisha angani.

Takwimu ya Aktiki nzima nayo isikudanganye. Septemba 2012 barafu ilipungua hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kabisa katika kumbukumbu za satelaiti. Lakini wewe hupiti katika wastani, unapita katika mlangobahari wa Victoria, ambako upepo wa siku chache huweza kusukuma barafu kongwe na kuziba njia iliyokuwa wazi juzi. Agosti 2018 mashua moja ilibanwa na barafu katika mlangobahari wa Bellot, kwenye njia hiyo hiyo, ikazama.

Kuanzia Julai, fuata ramani za kila siku za Idara ya Barafu ya Kanada. Katika alama yenye umbo la yai iliyo kwenye ramani hizo, tarakimu ya juu kabisa huonyesha ni sehemu ngapi kati ya kumi za bahari zimefunikwa. Ikifika 3, mimi nisingeingia na mashua ya fibaglasi. Tiketi za kurudi usikate bado.