Tone lisikatike: uponyaji wa mbali ulivyotugharimu jicho la baba

Usimwachishe mama dawa ya macho. Salamu nitakupa mwisho, na hayo mengine uliyouliza nitayafikia nikijaaliwa, lakini hilo lishike kabla hujaiweka simu chini.

Umeandika kwamba mama yako yupo Wete, Pemba, ana presha ya macho huu mwaka wa pili, na umempata mtu wa nje anayetibu kwa nishati akiwa huko huko kwao. Vikao 21, nusu ya pesa mbele. Unauliza inafanyaje kazi, mama atahisi nini, bei ni ya kweli au unapigwa, na dini inasemaje. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayeongeza chumvi kidogo, ukasema huyo mponyaji kashauri mama "apumzishe matone kwanza ili mwili uipokee nishati". Mdogo wangu, hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha kitako usiku huu. Maneno hayo hayo niliambiwa mie mwaka 2019, na mie ndiye niliyemfikishia baba yangu, kwa ulimi wangu.

Baba ni mkulima wa karafuu, upande wa Konde. Alipofika miaka 58 akaanza kujigonga bega kwenye vizingiti vya milango. Barazani kwao hakuna aliyemsumbua kwa bao, kisha akawa anazisahau kete za kimbi, vile vishimo vya pembeni, anacheza kama kwamba hazipo. Wenzake wakasema mzee kachoka. Na sisi watoto tukasema hivyo hivyo. Siku nilipompeleka kwa daktari wa macho Chake Chake, mashine ikatoa presha ya 31 jicho la kulia na 28 la kushoto, na kawaida ni kati ya 10 na 21. Maumivu hana, jicho si jekundu, msahafu anausoma vizuri. Ndivyo maradhi haya yalivyo. Yanaanzia pembeni, yanakula kingo za uoni kidogo kidogo, na pale katikati anapotazamia mtu panabaki peupe mpaka siku za mwisho. Mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi ubongoni ndio unaokufa, na ukifa haufufuki. Usichanganye na mtoto wa jicho. Yule anatolewa kwa operesheni na mtu akaona tena. Huku kilichokwenda kimekwenda, dawa inalinda kilichobaki tu.

Akapewa matone ya timolol, tone moja kila jicho asubuhi na usiku. Aliporudi kupimwa, 17 na 16. Sasa hapa nataka unisikilize sana. Presha ilipokuwa 31 baba hakuhisi kitu. Iliposhuka hadi 17 hakuhisi kitu. Aliyejua tofauti ni mashine peke yake. Kama ningelielewa jambo hilo siku ile, leo baba angekuwa na macho mawili.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi mapokezi, hoteli moja ya Jambiani, Unguja. Pwani ile unaijua, wageni wa yoga na wa kutafakari hawakatiki. Mmoja wao alikaa wiki tatu, mtu mpole, sauti ya chini, akifanya Reiki, huo uponyaji wa nishati kwa mikono, kwa wageni wenzake. Nikamsimulia habari za baba. Akaniambia atamtibu, na hata akirudi kwao haidhuru, kwani nishati haina masafa.

Umeuliza inafanyaje kazi, basi nakwambia nilivyoelezwa, maana nilimuuliza kila kitu. Asili yake ni Japani. Mwanzilishi ni Mikao Usui, mwaka 1922, na wenyewe wanasimulia kwamba alifunga siku 21 juu ya mlima Kurama, karibu na Kyoto, ndiyo akaipata. Hiyo 21 ya mponyaji wako nadhani imetoka huko huko, si hesabu ya ugonjwa wa mama yako. Mama mmoja wa Hawaii, Hawayo Takata, ndiye aliyeipeleka Marekani miaka ya 1930. Mwanafunzi wa daraja ya kwanza anafundishwa kuweka mikono. Wa daraja ya pili anafundishwa alama za kuchora kwa mkono hewani, na mojawapo, inayoitwa Hon Sha Ze Sho Nen, ndiyo ya kutibu kwa mbali. Mponyaji anachukua picha ya mgonjwa, au mto, au hata paja lake mwenyewe, anaweka nia kwamba huyu ndiye fulani, anachora alama, anaweka mikono. Mgonjwa huko aliko amelala chali, simu kazima, mlango kaufunga, nusu saa au saa nzima kwa muda walioagana. Basi. Ndiyo kazi yote.

Na mama atahisi nini? Atahisi. Sitaki kukudanganya kwa kuwa nina uchungu. Nililala kikao kimoja mie mwenyewe, na viganja vilipata joto, mwili ukawa mzito, nikaamka kama niliyelala usiku mzima. Baba alikuwa akitokwa na machozi, na usingizi wake ukarudi, usingizi uliompotea tangu mama afariki. Mtu mzima akilala saa nzima kwa utulivu, akijua kuna mtu mahali anamfikiria yeye tu, mwili unalegea. Huo ni ukweli na wala hauhitaji alama wala mlima.

Lakini presha ya macho haihisiwi! Joto la viganja halikwambii chochote juu ya mshipa wa jicho.

Vikao vya mwanzo baba aliendelea na matone. Kikao cha tano au cha sita yule mtu akasema kwenye simu, mie nikiwa katikati natafsiri, kwamba zile dawa ni kemikali, zinauziba mwili, na baba akiweza azipumzishe kwa muda. Niliyatafsiri neno kwa neno. Nikamwambia, "Baba, anasema upumzishe matone." Baba akaniuliza, "Na wewe waonaje, mwanangu?" Nikajibu nadhani ni sawa, kwa sababu mtu amesoma, na kwa sababu baba alikuwa akilala vizuri. Chupa ikawekwa juu ya kabati. Ilikuwa mwezi wa Juni.

Mwezi wa pili tangu aache matone, baba akasema anaona kama ukungu upande wa kulia. Nikapeleka ujumbe. Jibu lililorudi ninalo mpaka leo: ni sumu inatoka, mwili unajisafisha, ni dalili njema, tuongeze vikao. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na sijui kama itaniondoka. Maana angalia mtego ulivyotegwa. Ukihisi joto, nishati inafanya kazi. Usipohisi kitu, inafanya kazi kwa ndani zaidi. Ukizidi kuumwa, unajisafisha. Hakuna jibu hata moja ambalo mgonjwa angeweza kulitoa likamfanya yule mtu aseme, "Hapana, hapa sijafaulu, rudini hospitali." Mzee aliyekuwa akimwandikia bibi yetu kombe, zafarani na sahani yake, na malipo yake mkate wa kumimina, ndiye aliyekuwa akituuliza, "Dawa za daktari kashakunywa?" Yule hakuwa na cheti cha ukutani. Huyu mwenye vyeti, anayetoza kwa dola, hakuwahi kuuliza hata mara moja presha ya baba ni ngapi!

Kilichonizindua ni simu ya kaka yangu mwezi wa Oktoba. Baba alikuwa akianika karafuu uani, na nusu yake kaimwaga nje ya jamvi, mchangani, anaendelea kuzisambaza kwa mkono kwa utulivu kabisa. Hakuliona pembe la jamvi. Kaka alisimama akamwangalia, akashindwa kumwambia. Nikapanda boti ya asubuhi. Chake mashine ikasema 38 kulia, 33 kushoto. Daktari alipopima upana wa uoni, jicho la kulia lilikuwa limekwisha, mwanga na kiza tu. La kushoto limebakiwa na katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Yule daktari hakunigombeza. Alituuliza tu matone yalikatika lini, nikasema Juni, akaandika.

Nikampigia mponyaji. Akanijibu kwamba kila roho ina safari yake. Sikumjibu.

Baadaye ndiyo nikaanza kusoma, kama watu wanavyofunga zizi ng'ombe keshatoka. Nikakuta habari ya msichana mmoja wa Marekani, Emily Rosa, aliyekuwa na miaka 9 alipofanya jaribio lake, na likachapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa huko. Si Reiki yenyewe, ni ndugu yake, ile ya kupitisha mikono juu ya mwili bila kugusa. Aliwaweka wataalamu 21 nyuma ya kizuizi, wanatoa mikono yao miwili, yeye anauweka wake juu ya mmoja, halafu waseme ni upi wenye nishati. Majaribio 280, wakapatia 123. Hiyo ni chini ya nusu, mdogo wangu. Kurusha shilingi kungekupa zaidi. Na hao walikuwa karibu naye kiasi cha kiganja. Wako yupo bara jingine.

Basi kanuni yangu ni hii, na ningependa uikariri kama namba yako ya simu: tone lisikatike, na kipimo kiwe cha mashine, si cha hisia. Mama akitaka vikao kwa kuwa vinamliwaza, sitamnyima mtu mzima liwazo lake. Lakini kabla ya kikao cha kwanza mpeleke akapimwe, namba iandike kwenye karatasi, matone yaendelee kama alivyoandikiwa, na daktari akikupa tarehe ya kurudi usiipitishe. Huyo mponyaji akisema tena neno "pumzisha", huyo si wako. Mwambie presha ya mama ni kadha, na baada ya vikao vyake tutapima, uone atakavyojibu. Mie nakuahidi atakwambia nishati haipimwi.

Na mambo madogo ambayo mie hakuna aliyeniambia mapema. Akishatia tone, afumbe jicho na abonyeze kwa kidole pale pembeni mwa pua dakika moja au mbili, dawa isikimbilie kooni. Ikiwa ana chupa mbili tofauti, angoje kama dakika tano baina ya moja na ya pili. Kama ana pumu, daktari lazima ajue, kwa sababu timolol na pumu hazipatani. Ramadhani si kisingizio, la usiku alitie baada ya futari na jingine kabla ya daku kwisha. Chupa isiachwe ikaisha ndipo mtu akaanza kuuliza duka gani lina dawa. Na wewe mwenyewe kapime. Maradhi haya yanakwenda na damu, na sisi watu weusi yanatukuta mapema kuliko wengine, khasa ukishavuka miaka 40. Sisi watoto watano wa baba tumepimwa wote, na kaka mkubwa ameshaanza matone.

La dini kamuulize sheikh wenu hapo Wete, mie si mtu wa kutoa fatwa.

Nilichochelewa kukielewa kuliko vyote ni kwa nini baba alivipenda vile vikao. Nilidhani ni nishati. Juzi juzi aliniambia, bila kulaumu, kwamba alikuwa akiingojea ile saa mbili usiku, kabla ya kikao, kwa sababu kulikuwa na sauti yangu kwenye simu, nikimuuliza kalalaje, kala nini, mguu unamuuma au umepoa. Kabla ya hapo nilikuwa nikimpigia Ijumaa kwa Ijumaa. Kwa hivyo sasa saa mbili ni yangu. Kila usiku napiga, nangoja aifungue chupa, nasikia anavyoguna tone likimwingia jichoni, lile la kushoto, ndipo tunazungumza. Siku nyingine dakika tatu, siku nyingine mpaka vocha inakwisha.

Pesa ulizotaka kumtumia yule mtu zitatosha vocha na nauli ya kwenda kliniki miezi mingi.

Haya, salamu nilizokuwekea: Asalaam aleikum. Mama keshatia tone la usiku huu?