Kabla Hujasaini Mkataba wa Kufundisha Sudan Kusini

Kila TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali hapa Kenya, inapotoa majina ya walioajiriwa, simu yangu haitulii. Ni walimu vijana waliokosa nafasi, na swali ni lile lile: kuna shule ya binafsi Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, au ya misheni kule Rumbek, jimbo la Lakes, inatafuta mwalimu wa Fizikia, je, niende? Nimefundisha pande zote mbili, Juba mjini na baadaye Lakes, na jibu langu huwaudhi wengi kwa sababu naanzia mwisho. Utarudi vipi? Nauli ya kurudi iko mikononi mwa nani, na pasipoti yako italala kwenye kabati la nani?

Watu hudhani shida ya kule ni jua. Jua lipo, tena la kutisha. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa kuhofia joto la nyuzi 45, na Februari 2025 ikazifunga tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai madarasani mjini Juba. Hata hivyo mwili huzoea. Utajifunza kufundisha hesabu asubuhi na mapema, na usiku kulala uani chini ya chandarua. Usichokizoea ni kumtegemea mtu mmoja kwa kila kitu. Mwajiri ndiye mwenye chumba unacholala, ndiye anayelipia boza la maji na dizeli ya jenereta, ndiye anayeshughulikia kibali chako cha kazi, ndiye anayekukatia tiketi. Akiwa muungwana, utaishi raha kuliko Nairobi. Akianza kukuzungusha na mshahara, hugomi wala huhami, na mvua zikishakolea hata kuondoka huwezi, kwa kuwa nje ya Juba barabara nyingi hugeuka tope na kinachobaki ni kiti kwenye ndege ndogo.

Namjua mwalimu wa Baiolojia ambaye shule ilichukua pasipoti yake eti ya kushughulikia kibali. Muhula ukaisha bado anaambiwa kesho. Baba yake alizikwa yeye yuko kule.

Kwa hiyo kibali kikishagongwa muhuri, pasipoti irudi mfukoni mwako, na jambo hilo lisemwe mapema, kabla hujapanda basi. Pia uwe na akiba ya dola usiyoigusa kwa lolote, ya kukutoa hapo ulipo hadi Juba na kutoka Juba hadi kwenu. Mapigano yalipozuka Juba Julai 2016, Uganda ilituma msafara wa jeshi kuwachukua raia wake kwa barabara. Ukiwa mbali na mji, msafara wa namna hiyo haukufikii. Na barabara yenyewe ya Juba hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, yenye lami kilomita 192, si ya kuendea usiku wala kwa gari la kubahatisha: Agosti 2021 watawa wawili wa Kikatoliki waliuawa humo, pamoja na abiria wengine, katika shambulio la kuvizia.

Sasa pesa, maana ndizo zinazotupeleka. Mwalimu wa BOM hapa Kenya, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, anaweza kupewa shilingi 10,000 kwa mwezi, na mwanagenzi wa TSC wa sekondari msingi 20,000 kabla ya makato. Shule ikikupa dola 500 pamoja na chumba na chakula, hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mwanagenzi, na huna kodi ya nyumba. Mwenye kumlipia mdogo wake karo hahitaji kuhubiriwa. Ila soma sentensi ya mshahara polepole. Ikisema dola 500, sawa. Ikisema "pauni zenye thamani ya dola 500", uliza ni kwa bei gani ya kubadilisha, ya benki au ya mtaani, na ya siku ipi. Desemba 2015 serikali ya kule ilipoiachia pauni ya Sudan Kusini ielee, yaani bei yake ipangwe na soko, ilitoka karibu pauni 3 kwa dola hadi zaidi ya 18 kwa mkupuo mmoja, na haijawahi kurudi. Hata dola zenyewe zikague: noti iliyochapishwa kabla ya 2006 hukataliwa madukani, na mhasibu mjanja anajua ni nani wa kumsukumia.

Kuna upande usioandikwa kwenye tangazo la kazi. Mwalimu mwenyeji unayekaa naye ofisini, akiwa wa serikali, hulipwa kwa pauni, na mshahara wake huchelewa kwa miezi. Kuanzia 2017 Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiwaongezea wengine dola 40 kwa mwezi, na dola hizo 40 zilikuwa jambo kubwa. Wewe mgeni unalipwa mara kumi na zaidi, na yeye anajua. Septemba 2014 serikali iliwahi kuagiza wageni waachishwe kazi ili nafasi zao zichukuliwe na wenyeji, kisha ikalegeza msimamo. Hisia zile hazijaisha, na binafsi siwezi kuwalaumu. Usilalamike mbele yao kuhusu maharage.

Na darasa? Hapo ndipo nashindwa kumwambia mtu asiende. Lakes niliwakuta wanafunzi wakija na viti vya plastiki vichwani, kila mtu na chake, jioni wanarudi navyo. Kidato cha pili kuna baba wa watoto watatu anayekufuata hadi chini ya mwembe na daftari la logarithimu, hataki uende kula mpaka aelewe. Aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, anakupokea kwa Kiswahili safi, aliyesoma Khartoum kwa Kiarabu anakuita ustazi na Kiingereza bado kinampiga chenga, na wote wako kwenye somo moja. Maabara hakuna, utaonyesha densiti ya maji kwa ndoo na yai la kuku. Mwaka hauishi umefanywa mkuu wa idara. Hapa nyumbani ungengoja miaka.

Foleni ya TSC nayo usiihofie kupita kiasi. Kwa miongozo niliyoiona, miaka tangu uhitimu inakuongezea alama hata ukiwa nje. Tatizo ni kwamba usaili unataka uwepo mwenyewe na vyeti halisi, na taarifa huja ghafla. Vyeti halisi viache kwa mama, wewe beba nakala. Aliyekwisha ajiriwa aombe likizo bila malipo kwa maandishi. Ukitoweka tu, hiyo ni utoro kazini, na unaweza kufutwa kwenye daftari la walimu.

Mwenye mtoto mchanga, mwenye selimundu, mwenye kutegemea dawa za kila siku: ningesema baki. Wengine, pateni chanjo ya homa ya manjano mapema na mtembee na cheti chake, endeleeni kuchangia NSSF, mfuko wa pensheni, kwa hiari, na mchukue bima ya kusafirishwa kwa ndege mkiugua. Ukifika Juba, jiandikishe ubalozini kabla shule haijakupeleka bara.